Joka Lililokata Kalima

Diani,
Alhamisi

Dada Mejumaa,

Kabla sijakuamkia nataka nitoe jambo ambalo hakuna aliyelisikia, si hapa wala huko, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Unanijua. Shangazi Mwanakombo hakurudi Majoreni kupumzisha mguu. Alifukuzwa kazi. Kosa alilofukuziwa nililifanya mimi, kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake wakati analaumiwa, nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Nimeliandika.

Sasa shikamoo, dada yangu. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, wewe na Mama na mwanao Kassim. Vipi kifua cha Mama? Bado anakohoa asubuhi, au zile dawa zimemsaidia? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila chakula hakipiti. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani hupokelewa barazani na kila aliyekaa pale ana sikio lake. Mke wa Ami Rashidi yuko Ukunda, amekuja kununua vitambaa vya duka lake, na Jumatatu atarudi. Nitampa barua hii aitie mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Mnajua nilikuja hapa baada ya mtihani wa kidato cha nne, Shangazi aliponiombea kazi kwa Madam Njeri, mwenye nyumba ya wageni aliyokuwa akiifanyia usafi. Kazi yenyewe sikuwahi kuieleza vizuri. Niliwaambia nanakili karatasi, na ni kweli, lakini karatasi zenyewe ni za mchezo. Niliona haya kusema.

Kila Jumamosi baada ya alasiri vijana watano wa Diani na Ukunda huja kukaa kwenye meza ndefu ya chumba cha mbele. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Mmoja ni mpiga upinde, mmoja tabibu, mmoja ana upanga. Madam huwasimulia safari: mmefika mtoni, daraja limevunjika, mtafanya nini? Kila mtu kwa zamu yake hueleza mtu wake anafanya nini, kisha hurusha dadu yenye nyuso ishirini kuona kama amefaulu au ameanguka majini. Ndiyo mchezo wote, na wanaweza kuucheza miezi. Sheria zake ziko kwa Kiingereza, na Madam alitaka vijana wazisome kwa Kiswahili. Shangazi akamwambia ana mtoto wa kaka yake aliyepata A ya Kiswahili na mwandiko wake unasomeka. Hivyo ndivyo nilivyoitwa. Niliipenda kazi ile, dada. Karatasi haikutazami machoni ikingoja useme.

Mwisho wa safari huwa kuna kiumbe mmoja mkubwa, mkuu wa wabaya wote. Katika hadithi ya Madam mkuu huyo ni joka, na joka hilo Madam alikuwa na sanamu yake, ukubwa wa ngumi, jekundu, kila gamba limepakwa rangi kwa brashi nyembamba. Lilipakwa na kaka yake wakati wa ugonjwa uliomwua. Sanamu nyingine hukaa sandukuni. Joka lilikaa peke yake kwenye rafu ya chumba cha mbele, ukutani upande wa kibla.

Sasa sikiliza nilivyokosea. Chumba kile ndicho kilicho tulivu saa ya alasiri, nami nilizoea kusali humo. Siku ya kwanza nilisali joka likinitazama usoni, sikupata raha hata kidogo. Unakumbuka mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alivyokuwa akituonya juu ya sanamu mahali pa kusalia. Basi nikawa kila alasiri nalitoa, naliweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, nasali, nalirudisha. Sikumwomba Madam ruhusa. Ningemwambiaje mtu kwamba kumbukumbu ya marehemu kaka yake inaniharibia sala?

Siku ile, Jumatano, nilikuwa rakaa ya tatu niliposikia kishindo kwenye bati. Sikugeuka. Nilipotoa salamu na kutoka nje, ukuta ulikuwa mtupu. Tumbili alikuwa juu ya mti wa mkanju, ameshika joka kwa mikono yote miwili, analitafuna kichwa. Nikamrushia kandambili. Akaruka nalo akapotelea msituni. Chini ya mkanju niliokota bawa moja tu. Nikalifunga kwenye pembe ya leso, nikaingia ndani, nikakaa, nikaendelea kunakili karatasi pale nilipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani.

Asubuhi Madam aliiona rafu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alituita barazani, mimi na Shangazi, na meneja wake, Bwana Mutiso, akawa ndiye muulizaji.

"Chumba cha mbele jana kilisafishwa na nani?"

"Na mimi," Shangazi akasema.

"Na joka la Madam liko wapi?"

"Sijui, baba."

"Hujui. Lile joka lina mabawa, mama, lakini haliruki." Akacheka peke yake.

Madam akasema, Bwana Mutiso akasema, Shangazi akajibu, Madam akasema tena. Mimi nilikuwa nangoja. Wallahi, dada, nia ya kusema nilikuwa nayo. Lakini wote watatu ni watu wazima, nasi tumelelewa kwamba mkubwa akisema mdogo hungoja amalize, na wakubwa wakizungumza wenyewe kwa wenyewe mdogo hungoja aulizwe. Nikangoja niulizwe. Hakuna aliyeniuliza. Kila mmoja alipofunga kinywa, mwingine alikuwa ameshafungua chake. Shangazi alinitupia jicho mara moja, kisha akasema, "Kosa ni langu. Msitafute mtu mwingine."

Bwana Mutiso akampeleka ofisini akaandike maelezo, nami nikaambiwa nirudi kwenye karatasi zangu. Kabla ya adhuhuri Shangazi alikuwa ameshafunga mfuko. Tangu siku hiyo Bwana Mutiso amewapigia simu wenzake wa nyumba nyingine za wageni kuwaambia kwamba yule mama wa Majoreni ana mkono mrefu, wasimchukue. Nilimsikia kwa masikio yangu akilitaja jina lake kamili, herufi kwa herufi. Miaka kumi na moja, dada, Shangazi amefagia nyumba za watu Diani hii na hajawahi kuondoka hata na kibiriti cha mtu.

Jumamosi iliyofuata vijana walikuja kama kawaida. Safari yao ilikuwa imefika pangoni kwa joka. Madam akaweka kifuu cha nazi katikati ya meza. "Hili ndilo joka," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. Koo linamwuma, akasema, atasimulia pango, lakini joka alishike mtu mwingine, na hakuna anayezijua sheria zake kama mtu aliyezinakili. Akanitazama. "Saumu, shika joka."

Sikuweza kukataa. Ningekataaje, na kifuu kile kilikuwa pale kwa sababu yangu?

Tulirusha dadu kupanga zamu. Wao watano, mimi mmoja. Wakapiga mishale, wakapiga upanga, watano wote, kisha mimi nikapiga mara moja. Wakapiga tena watano. Achieng, msichana wa Ukunda mwenye sauti kubwa kuliko wote, mtu wake ana uchawi wa kufunga viumbe. Akalifunga joka, nikarusha dadu kulinasua, nikashindwa, zamu yangu ikapita bure. Mzunguko wa tatu joka lilikufa bila kuinua bawa.

"Wee Saumu," Achieng akasema, "hili joka lako limesoma madrasa? Linangoja liitwe!"

"Linapiga hodi kwenye pango lake lenyewe," mpiga upinde akadakia.

"Shikamoo, wauaji wangu," akasema mwingine kwa sauti nyembamba ya kuniiga, akainama. Meza nzima ikalia kwa kicheko. Nami nikacheka nao, ili nisifanye kitu kingine.

Walipokwisha kwenda, Madam alikaa na mimi. "Sheria za joka uliziandika kwa mkono wako. Mbona hukuzitumia?"

"Zipi, Madam?"

"Za kutenda nje ya zamu."

Akauvuta ukurasa wangu, akausoma, akausoma tena, kisha akauweka kando ya ule wa Kiingereza. Pale palipoandikwa kwamba joka laweza kutenda mwisho wa zamu ya kila mtu, mimi nilikuwa nimeandika kwamba laweza kutenda baada ya wengine wote kumaliza. Sikukosea kusoma, dada. Niliona aliyeandika ndiye amekosea. Niliona haiwezekani sheria imruhusu mtu kuingia katikati ya mazungumzo ya watu wazima, basi nikaitengeneza.

Madam alicheka, mara ya kwanza tangu rafu iwe tupu. Kisha akachukua vijiko sita vya chai, akavipanga vitano upande huu na kimoja upande ule.

"Hebu hesabu. Kila mzunguko hawa wanasema mara ngapi?"

"Tano."

"Na huyu?"

"Moja."

"Basi hata awe na nguvu za watu ishirini, atakufa akingoja. Waliotunga mchezo waliliona hilo, wakampa mkuu vitu vitatu ambavyo viumbe wadogo hawana."

Cha kwanza kina jina refu la Kiingereza, lenye maana ya vitendo vya mashujaa wa kale. Mimi nimekiita dakizo. Kila mzunguko joka hupewa madakizo matatu. Mtu akimaliza zamu yake, kabla anayefuata hajafungua kinywa, joka laweza kutumia moja: kupiga mkia, au kumnusa aliyejificha. Ni hapo tu, kwenye ule mwanya. Si katikati ya zamu ya mtu, na si mawili kwa mpigo. Jambo kubwa zaidi, kama kupiga mabawa na kuwabwaga wote walio karibu, hula madakizo mawili. Zamu ya joka lenyewe ikifika, hupewa matatu mapya.

"Na yale ambayo halikuyatumia?" nikauliza.

"Hayawekwi akiba. Ukinyamaza, yamepotea."

Cha pili ni kukataa. Mtu akilifunga joka kwa uchawi na dadu ikasema limeshindwa kujinasua, joka laweza kusema: La, nimejinasua. Na ikawa hivyo, hakuna wa kubishana. Lakini ni mara tatu tu kwa siku nzima. Wachezaji wajanja hulichokoza kwanza kwa uchawi mdogo mdogo ili lizimalize zote, ndipo watoe ule mkubwa.

Cha tatu ni pango lenyewe. Zamu huitwa kwa namba za dadu, kuanzia kubwa kushuka ndogo; hesabu ikifika ishirini, pango hutenda: maji yanapanda, mawe yanaanguka, moshi unajaa. Ndiyo maana ni kazi zaidi kumpiga mkuu akiwa kwake kuliko kumkuta njiani.

"Kwani hata mahali pana zamu?" nikauliza.

"Mahali pake mkuu, ndiyo," Madam akasema.

Nikaunakili ukurasa ule upya, safari hii kama ulivyo. Lakini kuandika ni kitu kimoja. Jumamosi iliyopita vijana walirudi. Madam aliwaambia kwamba kifo cha kwanza hakikuhesabiwa kwa sababu ya makosa ya tafsiri, wakapiga kelele za furaha. Achieng akamaliza zamu yake. Mwanya ukafunguka. Kinywa changu hakikufunguka. Nikaona meza nzima inanitazama, na neno pekee lililonijia ni lile la adabu tunalotumia nyumbani.

"Samahani," nikasema, "nakukata kalima."

Achieng akageuka. "Unakata nini?"

"Kalima. Maneno yako. Joka linaomba msamaha, kisha linakupiga mkia. Rusha dadu."

Wakacheka mpaka wengine wakashika tumbo. Achieng akarusha dadu, akaanguka. Mwenye upanga akamaliza zamu yake. "Samahani, nakukata kalima." Naye akaanguka. Kicheko kikapungua. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mzunguko uliofuata nilipovuta pumzi tu, Achieng akajishika kichwa: "Wueh! Linaomba msamaha tena! Tumekwisha!" Akalifunga kwa uchawi wake, dadu ikasema limefungika, nikasema, "La, limejinasua." Hesabu ikafika ishirini, Madam akalijaza pango moshi. Wawili walianguka, watatu wakakimbia kujificha nyuma ya mawe mpaka Jumamosi nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, watu watano walikuwa kimya wakiningoja mimi niseme.

Laiti siku ile ingeishia hapo. Nilikuwa nakusanya vikombe, bado natabasamu peke yangu, Madam na Bwana Mutiso wamesimama barazani. Bwana Mutiso akasema amempata mama mwingine wa kushika nafasi ya Shangazi, ataanza Jumatatu ya pili, si hii ya keshokutwa.

Madam akasema, "Sidhani yule alikuwa mwizi. Lakini sijui nidhani nini."

Akanyamaza. Bwana Mutiso naye akanyamaza. Mwanya ule ulikuwapo, dada, mpana kama mlango wa msikiti. Nilikuwa na sinia ya vikombe mkononi. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kisha Bwana Mutiso akasema, "Basi nitamwambia aje," na mlango ukafungwa. Nikaenda jikoni kuosha vikombe.

Tangu siku hiyo sijielewi. Mchezoni naweza, na watu wa kweli siwezi. Jumatatu ijayo mtu mwingine atavaa aproni ya Shangazi, na baada ya hapo hata nikisema itakuwa ni habari tu, haitamrudisha popote. Imebaki Jumamosi moja. Kila nikimwona Madam natayarisha maneno, na kila akipita maneno yanaganda. Sitakudanganya kwamba naogopa kufukuzwa. Hilo si kitu. Naogopa uso wake atakaposikia kaka yake alitafunwa juu ya mti huku mimi nimesimama na kandambili moja. Naogopa Mama akijua. Na zaidi ya yote naogopa kwamba nitazoea. Wiki ya kwanza sikuweza kula kabisa. Wiki hii nimeanza kula kidogo. Unaona? Mtu anaweza kuzoea. Baada ya mwaka nitakutana na Shangazi harusini, nitamwamkia, nitamshika mkono, na sitahisi kitu.

Mwombee mdogo wako. Naishia hapa leo, machozi yanaharibu mwandiko.

Jumapili

Dada, barua ilikaa chini ya mto tangu Alhamisi, sikuifunga. Nashukuru sikuifunga.

Jana joka lilikufa, na safari hii lilikufa vizuri. Walijifunza. Achieng alilichokoza kwa uchawi mdogo mara tatu, nikakataa mara tatu, na nilipokuja kugundua alichokuwa akifanya alikuwa ameshainua mkono kwa ule mkubwa. "Pole, mtoto wa madrasa," akasema, akakigonga kifuu kwa kidole kikabingirika. Wakashangilia, wakanipa mkono mmoja mmoja. Walikuwa bado wanakusanya mikoba yao Bwana Mutiso alipoingia na karatasi za yule mama mpya, akaziweka mbele ya Madam atie sahihi.

Akaeleza yote: mshahara, siku za mapumziko, kuanza Jumatatu. Akamaliza. Madam akachukua kalamu. Alikuwa hajasema neno.

Nilisahau samahani. Nilisahau kila kitu nilichofundishwa. Nikasema, "Ni mimi."

"Ni wewe nini?" Bwana Mutiso akauliza.

Nikakwama. Basi nikaifungua pembe ya leso, nikaliweka bawa juu ya zile karatasi.

Achieng akaurudisha mkoba wake chini taratibu. Ndipo nikaeleza: sala, rafu, ukuta wa baraza, tumbili, kandambili. Nilieleza vibaya, nikilia, nikirudia maneno, lakini hakuna aliyenikata kalima mpaka nikamaliza.

Bwana Mutiso akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Yule mama aliandika maelezo yake mwenyewe."

"Yalete," Madam akasema.

Akayaleta. Madam akayasoma kwa sauti. Naweza kukuandikia kama yalivyo, kwa sababu sidhani nitayasahau. "Nililitoa joka ili nipanguse vumbi, nikaliweka juu ya ukuta wa baraza, tumbili akalichukua akapanda nalo mkanjuni. Kosa ni langu."

"Hukunionyesha hii," Madam akamwambia Bwana Mutiso.

"Madam, hapa Diani kila kitu kikipotea ni tumbili. Nikiamini tumbili, nitafukuza nani?"

Hawakuelewa kwa nini nilikaa chini sakafuni. Dada, mimi sikumwambia mtu yeyote habari za tumbili. Wala za ukuta. Wala za mkanju. Barazani hapakuwa na mtu. Lakini ua wa nyuma, pale Shangazi anapoanika mashuka, ukisimama kwenye kamba ya mwisho mkanju unauona wote. Aliniona. Aliniona nikirusha kandambili, akaniona nikifunga kitu kwenye leso. Asubuhi yake alisema hajui, akanitupia lile jicho, kisha akaenda kuandika kosa langu kwa jina lake.

Niliyasema hayo kwa sauti, sijui nilimwambia nani. Madam alikuwa ameshika bawa kwa vidole viwili. Akasema polepole, "Saumu, ungeniambia tu. Ningeihamisha rafu." Neno hilo limeniuma kuliko matusi.

Yule mama mpya hatakuja kesho. Madam alimkalisha Bwana Mutiso hapohapo mezani, akamwambia awapigie simu wale wote aliowapigia, mmoja baada ya mwingine, naye akiwa anasikiliza. Nafasi ya Shangazi ipo kama ataitaka, na Madam anataka kumwomba radhi yeye mwenyewe. Kuhusu mimi hakusema kitu. Alichukua bawa akaingia chumbani kwake. Leo asubuhi nilimwandalia chai, akasema asante, basi. Sijui kama nina kazi.

Nimemwomba jambo moja tu: asimpigie Shangazi simu kabla ya Jumatano, kwa sababu Jumatano nakuja mwenyewe. Ameitikia kwa kichwa.

Nisalimie Mama, na umwambie aendelee kunywa maji ya moto. Msalimie Bibi Mwanasiti, aliyetufundisha kusoma na kungojea zamu. Msalimie Ami Rashidi, fundi wa mashua, na umshukuru mkewe kwa kunibebea barua. Mbusu Kassim.

Na sasa nakuomba, dada, kwa jina la Mungu. Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha uitie motoni. Shangazi usimwambie kwamba nimesema, wala kwamba nakuja, wala kwamba najua aliniona. Mpaka leo sijui lile jicho liliniambia nyamaza au liliniambia sema, na ni yeye tu anayejua. Akipata habari kabla sijafika atajitengeneza. Ataniambia hakuona kitu, alikuwa anaanika mashuka tu, nami nitamwamini kwa kuwa nitataka sana kumwamini. Nataka nimkute hajajiandaa. Nataka nimwulize mlangoni, hata buibui sijalivua.

Siku tatu tu, dada. Liweke moyoni mwako siku tatu.

Mdogo wako,
Saumu